Wanaomtungia Staa

Mzazi akiombwa na bintiye wa miaka tisa waitazame Hannah Montana: The Movie, kwanza huuliza kama kuna matusi na kama kuna mapenzi. Jibu ni fupi. Filamu hii ya mwaka 2009 ilipewa alama ya G huko Marekani, yaani hata mtoto mdogo anaruhusiwa kuitazama, na ugomvi mkubwa kuliko wote uliomo ni wa Hannah na Tyra Banks kugombania viatu dukani. Mapenzi yapo, ya vijana wa shamba wanaooneana aibu. Baada ya hapo ningemwomba mzazi asiondoke sebuleni. Filamu hii mafundi wake hasa ni watunzi wa nyimbo, na mtoto anayeitazama peke yake atamwona staa tu.

Kisa chenyewe wengi wanakijua kupitia kipindi cha televisheni kilichoanza Disney Channel mwezi Machi 2006, Miley Cyrus akiwa na miaka 13. Miley Stewart ni mwanafunzi wa kawaida. Akivaa wigi la nywele za dhahabu anakuwa Hannah Montana, staa wa pop, na siri hiyo wanaijua wachache. Baba yake katika hadithi, Robby Ray, anaigizwa na baba yake mzazi, mwimbaji wa country Billy Ray Cyrus. Filamu inapoanza, ustaa umeshamlewesha. Anafika kwenye sherehe ya rafiki yake Lilly, anayetimiza miaka 16, akiwa bado amevaa wigi, na papo hapo sherehe inaacha kuwa ya Lilly. Baba anachukua uamuzi. Binti anapanda ndege akidhani anakwenda New York kwenye tuzo za muziki, kumbe anapelekwa kwa bibi yake Ruby, kijijini Tennessee.

Kuanzia hapo, sikiliza ala. Hannah anapoimba, muziki umejaa: midundo ya mashine, gitaa za umeme, sauti zilizorundikwa juu ya sauti mpaka huwezi kumsikia mtu akivuta pumzi. Miley anapoimba, vitu vinapunguzwa, unabaki na gitaa moja la mbao na koo la binti. Mwimbaji ni yule yule. Hakuna anayemweleza mtazamaji kwamba hawa ni watu wawili katika mwili mmoja, lakini mtoto wa miaka saba anaelewa, kwa sababu mpangaji wa muziki ameshamwambia kwa sikio. Kazi hii inafanyika kimya kimya, na ndiyo inayonifanya niiheshimu filamu ambayo watu wazima wengi huipuuza kwa kuiona ni ya watoto.

Chukua wimbo wa baba na binti, Butterfly Fly Away. Waliotunga ni Glen Ballard na Alan Silvestri. Ballard ndiye aliyetayarisha albamu ya Alanis Morissette, Jagged Little Pill, mwaka 1995, na Silvestri ndiye aliyeandika muziki wa Back to the Future na Forrest Gump. Watu wa kiwango hicho walikaa kutunga wimbo wa dakika chache kwa ajili ya filamu ya watoto, na hawakuufanya kwa mkono wa kushoto. Tazama walichokichagua kuweka ndani yake. Mama wa Miley alifariki, baba akalea. Mtunzi mvivu angeandika kuhusu msiba. Hawa wakaorodhesha kazi za kila siku: kumlaza mtoto, kuzima taa, habari za mswaki na kuchana nywele. Mzazi yeyote aliyewahi kumwandaa mtoto wa shule alfajiri ataguswa hapo, na mtoto aliye kando yake atageuka kumtazama. Ukiwa na nafasi ya kusimamisha filamu mara moja tu, isimamishe baada ya wimbo huu, mzungumze.

Wimbo wa Hoedown Throwdown una kazi nyingine kabisa. Wanakijiji wamekusanyika ghalani kuchangisha pesa, maana kuna mwekezaji anayetaka kujenga jengo la maduka kwenye mashamba yao, na Miley anaombwa awachangamshe. Anawafundisha dansi palepale. Maneno ya wimbo ndiyo maelekezo ya hatua, na hapo ndipo ugumu ulipo, kwani neno lazima litangulie mguu kwa nukta ndogo sana. Likichelewa, ghala zima linakanyagana. Likiwahi mno, watu wanasahau. Watunzi Adam Anders na Nikki Hassman walichanganya fidla ya kijijini na mdundo wa hip hop wa mjini, naye Jamal Sims akapanga hatua ambazo hata bibi anaweza kuzifuata. Binti aliyekuja akiwadharau watu wa kwao sasa anacheza nao mstari mmoja, na hadithi imesogea bila mtu kutoa hotuba. Wape watoto nafasi wasogeze meza wacheze.

Sehemu ya chakula cha jioni kwa meya, ambapo Miley anakimbia huku na huko akibadilisha wigi ili awe Hannah mezani kwa meya na awe Miley kwa Travis, kijana anayempenda, kwangu imerefushwa kupita kiasi. Watoto lakini wanaipenda, na inaonyesha bei ya uongo: mwishowe Travis anaugundua na kuondoka.

Travis huyo ndiye anayempa mbegu ya wimbo mkubwa. Wakiwa kazini shambani anamwambia maneno machache kuhusu maisha kuwa mlima wa kupanda, wenye mandhari mazuri. Yanapita kama mazungumzo ya kawaida. Baadaye yanarudi yakiwa wimbo, The Climb, pale Miley anaposimama jukwaani mbele ya umati, akasitisha onyesho, akavua wigi na kukiri yeye ni nani. Umati unaduwaa, kisha unasikia wimbo unaoanza taratibu, sauti yake nzito ikiwa imeachwa ikae chini bila kulazimishwa kupaa. Ngoma na magitaa yanaingia baadaye, yeye akiwa ameshasema la moyoni. Jessi Alexander na Jon Mabe, watu wazima, waliweza kuandika maneno ambayo msichana huyu angeweza kuwa ameyaandika mwenyewe. Hawakumpa hekima ya mzee. Walimpa shaka, na nia ya kuendelea.

Kinachofuata mzazi akiseme waziwazi na mwanawe. Mtoto mmoja katika umati anamwomba Miley arudi kuwa Hannah, wote wanaahidi kutunza siri, na hata mwandishi mmoja wa gazeti la udaku aliyetoka Uingereza kumwinda anaachana na habari yake. Wigi linarudi kichwani. Naona filamu imeukimbia ukweli wa wimbo wake yenyewe, kwa kuwa kipindi cha televisheni kilipaswa kuendelea, na kweli kiliendelea hadi Januari 2011. Nje ya skrini umati hautunzi siri za mtu. Mwaka huohuo wa 2011 Billy Ray Cyrus aliliambia jarida la GQ kwamba kipindi kile kiliiharibu familia yake. Mtoto wa miaka 12 anaweza kuambiwa hilo, na atauliza maswali mazuri kuliko unavyotarajia. Mdogo zaidi, ngoja akue.

Kuna jambo moja zaidi. Katika taarabu watu humtuza mwimbaji, huku aliyetunga shairi akiwa ameketi nyuma hajulikani, na hapa ni vilevile: mamilioni ya watoto waliimba The Climb pasipo kujua jina la Alexander wala Mabe. Hadithi nzima inahusu msichana anayeogopa kupoteza jina kubwa, na imebebwa begani na watu ambao majina yao yanapita mwishoni kwa herufi ndogo wakati kila mtu anatafuta rimoti. Usizime. Mwambie binti yako akusomee majina ya watunzi kwa sauti, moja baada ya jingine, halafu muulize kati ya nyimbo zote ni upi angependa kuwa ameutunga yeye.