Aliyekunjwa na Ugonjwa Asikunjwe Tena

Tuanze na dakika ya sita ya video ya darasa la Pilates, maana ndipo darasa zima lilipoharibikia. Wagonjwa wanane wa Parkinson wamelala chali mikekani, magoti juu, na mkufunzi anatoa amri: "Inueni vichwa, tunaanza Mia." Mlioitazama video ile mlimwona mzee wa mstari wa pili, mwenye fulana ya kijani. Shingo yake ilikuwa imeshaelekea mbele kabla hajalala. Akaikunja zaidi, kidevu kikagota kifuani, mikono ikaanza kupigapiga hewa karibu na mapaja. Mkufunzi akamsifu.

Mimi simsifu mkufunzi. Kulianzishia kundi lile Mia, zoezi la kupiga mikono mara mia huku kichwa kimeinuliwa, ni kosa, na tusilifiche kwa kusema kila mwalimu ana mtindo wake.

Kosa la kwanza ni mkunjo. Parkinson humvuta mtu mbele: kichwa kinatangulia, mabega yanajikunja, kifua kinaingia ndani, magoti yanalegea. Akitembea, hatua fupifupi zinakimbizana kuufukuzia mwili ulioinama. Mtu huyo anahitaji kukunjuliwa, na Mia inamkunja. Najua watetezi watasema inaimarisha tumbo, na tumbo ndiyo nguzo. Huo ndio wimbo wa "kaza kitovu", ambao safu hii imeuchoka zamani. Mgonjwa wa Parkinson huanguka akigeuka, akipita mlangoni, akiganda ghafla nyayo zikakataa kubanduka sakafuni. Kitovu kilichokazwa sijakiona kikimnusuru. Dawa ya moto ni moto, sawa, lakini dawa ya mkunjo si mkunjo.

La pili ni udogo. Katika Mia mikono hupanda na kushuka kiasi cha shibiri moja. Joseph Pilates mwenyewe, katika kitabu chake cha 1945, alitaja inchi 6 hadi 8. Sasa kazi ya ugonjwa huu ni kupunguza. Mwandiko unakuwa mdogo, sauti inashuka, mkono unaacha kupunga mtu anapotembea. Ubongo uliopungukiwa na dopamini unakosea vipimo: mtu anaamini amenyoosha mkono wote, kumbe nusu. Ndiyo maana mbinu ya mazoezi ya BIG, iliyotokana na ile ya sauti iliyopewa jina la mgonjwa Lee Silverman wa Marekani, inashikilia jambo moja tu: ukubwa. Mwaka 2010 huko Berlin, waliofundishwa mbinu hiyo mmojammoja waliboreka kuliko waliotembea na fimbo kwa makundi na wale waliofanya mazoezi nyumbani. Mapigo mia ya shibiri moja yanamzoesha mgonjwa kipimo kilekile alichokatiwa na ugonjwa.

La tatu ndilo lililonifanya nirudishe video nyuma nihakikishe nimesikia vizuri. Mkufunzi alizima muziki akasema: "Hesabuni kimoyomoyo." Kimoyomoyo! Kuhesabu, kuvuta pumzi kwa tano na kuitoa kwa tano, kushikilia kichwa, kupiga mikono: kazi nne kwa mpigo, kwa ubongo ambao hata mbili zinaweza kuulemea. Kinachoharibika katika Parkinson ni ule mwendo unaojiendesha wenyewe bila kufikiriwa. Ishara ya nje, iwe mdundo, mstari sakafuni au sauti ya anayehesabu, humpa mgonjwa njia nyingine ya kuanzia. Si habari mpya hii. Daktari James Purdon Martin wa London aliandika tangu 1967 kuhusu wagonjwa walioshindwa kutembea kwenye sakafu tupu, wakatembea ilipochorwa mistari ya kuvuka.

Na karibu na kwetu kuna Hai, chini ya Kilimanjaro. Utafiti uliochapishwa 2010 uliwafundisha wagonjwa wa huko, ambao hawakuwa wametumia dawa ya Parkinson hata siku moja, kutembea kwa kufuata ishara za nje. Mwendo ukaongezeka kasi na hatua zikarefuka. Watu wa Hai wasio na kidonge walipewa ishara. Hawa wenye vidonge, vioo na kiyoyozi wakanyimwa hata "moja, mbili".

Mengine yalikwenda sawa: saa ya darasa ilichaguliwa dawa ikiwa imeshika, viti vilikuwa jirani, na mwishoni watu waliinuka taratibu kupitia ubavuni, presha isije ikashuka wakapata kizunguzungu.

Watetezi watakimbilia kitabu: Mia ni ya kwanza kati ya mazoezi 34. Kweli. Na katika mpangilio huohuo, zoezi la kwanza la kuupeleka mgongo nyuma ni la 12. Mwenye mgongo ulionyooka anaweza kungoja mpaka hapo. Wa Parkinson amengoja vya kutosha.

Isitoshe, Joe Pilates wa kitabu si Joe wa studio. Pale 939 Eighth Avenue, New York, wanafunzi wake wa zamani walisimulia kwamba kila mtu alipewa mazoezi yake. Mwanafunzi wake Eve Gentry, mcheza densi, alikatwa titi pamoja na misuli ya kifua, na Joe akamfanyisha kazi mpaka mkono ukapanda. Baadaye Eve mwenyewe akaunda mazoezi ya maandalizi, mtu ayapitie kwanza kabla ya kuingia kwenye yale 34. Kizazi kile kilisoma mwili kwanza. Hawa wakufunzi wetu wa cheti cha wikiendi mbili wanasoma orodha, na mwili utajijua.

Dakika ile ingeweza kuokolewa kirahisi. Wakae vitini, mikono ifunguke mpaka vidole vitanuke, kifua kipande, kila mmoja ahesabu kwa sauti ya kusikika nje ya chumba. Wanaoweza kulala kifudifudi wainue kifua kidogo tu. Kama Mia ni lazima, kichwa kibaki kwenye mto na mikono ipande mpaka masikioni.

Nayasema haya kwa ukali kwa sababu Pilates haina akiba ya kupoteza. Tai chi ilipata utafiti wake wa Oregon mwaka 2012, wagonjwa 195, mizani ya mwili ikaboreka na kuanguka kukapungua kuliko kwa waliojinyoosha tu. Tafiti za Pilates kwa Parkinson bado ni chache, tena za watu wachache, na orodha iliyofuatwa kwa upofu haitaziongezea uzito.

Kwa hiyo kabla ya darasa lijalo, mkufunzi awasimamishe wote ukutani, visigino karibu na ukuta, atazame visogo. Ambaye kisogo chake hakigusi ukuta, Mia si yake.