Sifa za Fundi wa Mfupa

Maji yanayotoka Ziwa Victoria hapa Jinja hupita Ziwa Kyoga, huporomoka Murchison, kisha huingia Ziwa Albert. Ziwa hilo hupokea pia maji ya mto Semliki, unaotoka Ziwa Edward upande wa Kongo. Nayataja haya kwa sababu kazi ninayotaka kuisifu ilifanyika kwenye kingo za Semliki, na mto huo ni ndugu wa mto wetu wa hapa Jinja.

Mahali penyewe panaitwa Katanda. Hapo wanaakiolojia Alison Brooks, John Yellen na wenzao walifukua machusa ya mfupa ambayo, katika taarifa yao ya 1995, waliyakadiria kuwa na umri wa miaka 90,000 hivi. Pamoja nayo ilikuwamo mifupa ya kambale wakubwa. Kambale hutaga mayai mvua zinapofurisha maji, naye akiwa kwenye maji mafupi huwa windo la karibu. Fundi wa Katanda basi alijua mambo mawili: tabia ya samaki, na tabia ya mfupa.

Hilo la pili ndilo linalonishangaza zaidi. Mfupa una chokaa inayoufanya uwe mgumu, na una nyuzi zinazoufanya unyumbuke kidogo kabla ya kuvunjika. Ukikaa juani miezi mingi, nyuzi huchakaa na mfupa hupasuka ovyo. Kwa hiyo anayetaka chombo cha kutegemewa hutafuta mfupa mbichi, wa mnyama aliyekufa karibuni, na hukata kwa kufuata urefu wake, kwa kuwa nyuzi zimelala upande huo. Akishapata kipande, hukikwangua kwa ukali wa jiwe hadi umbo litokee, kisha hukisugua juu ya jiwe la mchanga. Halafu inakuja kazi ya meno. Kila jino hukatwa kidogo kidogo, likielekea nyuma, ili samaki akijitikisa chusa lizidi kung'ang'ania. Mkono ukiteleza kwenye jino la mwisho, kazi yote imekwenda. Jiwe hupasuliwa kwa pigo moja; mfupa haukubali haraka hiyo. Kwa maoni yangu, huu ni ufundi wa juu kuliko ule wa jiwe, ingawa vitabu vya shule hutumia kurasa nyingi kwa jiwe na kuupa mfupa mstari mmoja.

Ulaya mafundi walikuwa na pembe za ayala, zenye matawi, ambazo huanguka na kuota upya kila mwaka. Huko Star Carr, Uingereza, walichonga machusa ya pembe hizo miaka 11,000 hivi iliyopita. Kwetu ayala hawakuwapo. Pembe ya swala au ng'ombe ni ganda lililovaa mfupa, nayo haichongeki vivyo hivyo. Mafundi wa huku walishika mfupa wenyewe, tena zamani mno: mwaka 2025 ilitangazwa kwamba katika bonde la Olduvai, Tanzania, vimepatikana vyombo 27 vya mifupa, mingi ya tembo na viboko, vilivyochongwa miaka milioni 1.5 iliyopita, kabla mtu wa sura yetu hajazaliwa duniani.

Na huko huko Semliki, inapotoka Ziwa Edward, pako Ishango. Mwaka 1950 mwanajiolojia Jean de Heinzelin alipata hapo mfupa mdogo wenye kipande cha jiwe la kwatzi nchani na mikato iliyopangwa katika safu tatu. Una umri wa miaka 20,000 hivi. Wengi wanaona humo hesabu. Mimi naona pia mkono uliotulia.

Mfupa huo umehifadhiwa Brussels, na watoto wetu wengi hawatafika huko kuuona. Lakini mwalimu wa Jinja au Mbale hahitaji ndege. Aombe buchani mfupa mbichi wa mguu wa ng'ombe, atafute jiwe la mchanga na kipande cha jiwe chenye makali, awape wanafunzi waanze kukwangua. Atenge muhula mzima.