Mmarekani Ambaye Hakuwahi Kufika Tsavo

Nilipoacha chuo kwa kukosa karo, nilirudi Voi nikaanza kufanya vibarua vya kutembeza wageni. Siku moja nikampeleka mzee mmoja Mmarekani kuona daraja la Tsavo. Alikuwa ameishi Nairobi zaidi ya miaka kumi, Kiswahili chake cha matatu kabisa, na njia nzima aliiponda nchi yake: siasa zake, vita vyake, kelele zake. Alisema alishaachana nayo. Tulipofika darajani, swali lake la kwanza likawa: "Sasa yule Mmarekani mwenzangu alipiga kambi wapi?"

Alimaanisha Remington, mwindaji anayeigizwa na Michael Douglas kwenye The Ghost and the Darkness, filamu ya 1996. Nikamwambia ukweli. Simba wale wawili waliokula wajenzi wa reli waliuawa na John Henry Patterson, mhandisi aliyeletwa na Waingereza, Desemba 1898. Remington hakuwahi kuwepo. Alitungwa na mwandishi wa filamu, William Goldman. Hata Tsavo yenyewe unayoiona pale ni Afrika Kusini, na simba wa filamu wana manyoya shingoni ambayo wale wa kweli hawakuwa nayo.

Mzee akanyamaza, halafu akacheka kidogo. "Naona aibu," akasema, "vile nilitaka awepo."

Usiku huo nikairudia filamu nikiwa na maneno yake kichwani. Remington ametoka upande ulioshindwa kwenye vita vya wenyewe kwa wenyewe kule Marekani. Amepoteza familia, amepoteza ardhi, anazurura dunia akiwinda. Ukimwangalia haraka, huyu si mzalendo hata kidogo. Hana bendera, haisifii nchi yake. Mlinganishe na Theodore Roosevelt, rais mstaafu aliyepita na reli hii hii mwaka 1909 akienda kuwinda: juu ya hema lake kambini ilipepea bendera kubwa ya Marekani. Roosevelt unamwona akija kutoka mbali. Remington humwoni. Nchi ameiacha, lakini amebaki na ile imani kwamba shida za watu wengine haziishi mpaka yeye afike. Nadhani huo ndio uzalendo mgumu kuuvua, kwa sababu mwenye nao hajui kama ameuvaa.

Filamu si mbaya, tuwe wakweli. Douglas akiingia tu, hadithi inapata damu. Tena Goldman hakumpa ushujaa wa bure: Remington anapanga mambo yanamharibikia, na mwisho simba anamuua. Lakini akifa, tunajua tunamlilia nani. Vibarua wa Kihindi na Waafrika wanakufa kwa mafungu. Patterson alikuja kudai waliokufa walikuwa 135. Wanasayansi waliopima mifupa na manyoya ya simba hao wakakadiria mwaka 2009 kwamba waliliwa kama 35. Idadi tumeibishania miaka na miaka. Majina tunayoyajua ni ya kuhesabu kwa vidole.

Na simba? Patterson aliuza ngozi na mafuvu yao mwaka 1924 kwa jumba la makumbusho la Field, Chicago, kwa dola 5,000. Wako huko hadi leo. Kwa hiyo Mmarekani wa Tsavo ni wa kubuni, na wenyeji wa Tsavo ni wakazi wa Marekani.

Ningeweza kuishia hapo nikijisikia mjanja. Ila kuna jambo sijasema. Tukirudi Voi, mzee aliniuliza: "Kama ungeandika wewe, ungemweka nani?"

"Mwangeka," nikajibu bila kufikiria.

"Ni nani huyo?"

"Mtaita aliyepigana na Waingereza, kabla reli haijafika."

"Halafu?"

Halafu nikakwama. Nilikuwa na sentensi moja tu, na ilikuwa imeisha. Yeye alikuwa amebeba shujaa asiyekuwepo, lakini anamjua mpaka kofia yake. Mimi nina shujaa wa kweli, kutoka milima ninayoiona nikifungua mlango, na simjui.

Akanilipa, akaongeza kidogo. Hela ya nyongeza nikapanda nayo gari la Wundanyi, kwenda kumuuliza nyanya.