Weusi wa Fedha

Sarafu ya fedha hushikwa ukingoni, kwa ncha ya gumba na ya shahada, na atakayeikamata bapa kiganjani mbele ya mzee wangu sonara wa Mji Mkongwe atamwona mzee akifumba macho kama aliyeguswa kidonda. Nilikwenda kwake asubuhi moja ya kaskazi na reale ya Sham niliyoirithi kwa bibi, nimeifunga katika kipande cha kanga, nikitaka anieleze daraja yake. Naye, salamu zetu hazijakwisha, alikuwa amekwisha inuka, akaiacha taa ya umeme ikiwaka juu ya meza, akasogea mlangoni penye nuru ya uchochoro, kwani taa, kama anavyosema siku zote, ni rafiki wa muuzaji.

Vijana waliozaliwa katika shilingi hawalijui tena jina la reale, ilhali wazee wetu walizipambanua reale kama sisi tunavyopambanua mchele: palikuwa na reale ya mzinga, ya Waspania, ambayo nguzo zake mbili macho ya pwani yaliziona kuwa ni mizinga, palikuwa na reale ya Fransa, na palikuwa na hii ya Sham, yenye sura ya Malkia Maria Theresia wa Austria, iliyotamalaki masoko ya Arabuni na Uhabeshi na kufika kwetu kwa majahazi. Malkia alifariki mwaka 1780, nao mwaka huo ukabaki juu ya sarafu yake hata leo, kwa sababu Vienna, na baadaye Roma, London na Bombay, ziliendelea kuipiga kwa tarehe ileile, maadamu wafanya biashara waliizoea na wakaikataa nyingine. Sayyid Barghash, Sultani wa Zanzibar, naye alipiga reale yake mwaka 1299 wa Hijra, sarafu ya fahari ambayo sasa ni adimu mno. Lakini rupia ya Bara Hindi ndiyo iliyokuja kushika soko, na hayo yatosha.

Nimeyataja kwa ajili ya jambo moja tu, nalo ni kwamba juu ya reale ya Sham tarehe haimfai mtu kitu. Iliyopigwa zama za babu wa babu yangu na iliyopigwa juzi zote zimeandikwa 1780, na kwa hiyo mjuzi hana pa kuegemea ila jicho lake, sikio lake na kiganja chake, ambacho kwa mazoea ya miaka huijua gramu 28 na ziada kidogo kabla mizani haijatolewa kabatini.

Nilimtazama akiisoma. Uchakavu wa haki, ule unaoletwa na mikono ya watu na kusuguana mfukoni, huanza vileleni: nywele zilizo juu ya sikio la Malkia, mikunjo ya ushungi wake wa ujane, bizimu ya lulu begani, na upande wa pili, kifua cha tai mwenye vichwa viwili. Lakini hapo ndipo wengi hupotea, kwa kuwa pengine nywele hazionekani si kwa kuchakaa, bali kwa kuwa chapa ilishuka kwa unyonge siku ile ya kuzaliwa kwa sarafu, na asiyejua huishusha daraja sarafu ambayo haikuguswa na mtu. Mzee huyapambanua hayo mawili kwa kuiinamisha sarafu kidogo kidogo kwenye nuru. Ikiwa mng'aro wa asili ungalipo, utauona ukizunguka uso wa sarafu mithili ya jua juu ya maji ya bandari alasiri, ukipita hata pale palipo butu; na ikiwa ni uchakavu, mng'aro hukatika palepale, pakawa kimya. Sijui neno jingine la kupaeleza isipokuwa hilo la ukimya.

Bibi alikuwa na reale saba, nazo zilikaa ndani ya kasha la mninga, chini ya nguo zake za Idd, pamoja na vipande vya udi. Sita zilikwenda kwa sonara zikawa vikuku vya binti zake, kama ilivyokuwa ada, na moja akaiweka. Nikiwa mtoto nilikuwa nikiruhusiwa kuitazama mara moja kwa mwaka, naye huiweka juu ya kiganja changu huku ameshika mkono wangu kwa chini, nisije nikaiangusha. Haikuwa nyeupe. Ukingoni ilikuwa nyeusi yenye kuingia zambarau, ikifuatiwa na buluu ya shingo ya njiwa, na katikati, shavuni mwa Malkia, rangi ya asali iliyokaa chupani siku nyingi. Na nilipotaka kuifuta kwa pindo la kanzu yangu, bibi alinizuia vidole. "Usiifute, mjukuu wangu. Hiyo ndiyo nguo yake."

Baada ya yeye kufariki palikuwa na harusi nyumbani, na jamaa mmoja, kwa nia njema kabisa, aliona haya reale ya marehemu kuonekana chafu mbele ya wageni, akaichukua uani, akaisugua kwa ndimu na majivu mpaka ikameta kama kijiko kipya. Watu waliisifu. Nami niliisifu.

"Nani aliyeiosha?" akauliza mzee, mgongo wake ungali kwangu.

Nikamwambia ni jamaa. Akaniita mlangoni, akaiinamisha ili nami nione mikwaruzo myembamba kama nyuzi za buibui, yote imeelekea upande mmoja, jambo ambalo soko haliwezi kulifanya hata kwa miaka 100, kwani mikono ya soko hutoka kila upande. "Nywele zote zipo, mwanangu," akasema, "na lulu zote zipo. Ngozi ndiyo haipo." Kisha akanitajia thamani yake, nayo ilikuwa ni thamani ya uzito wake, sehemu tano katika sita fedha safi, kana kwamba nimemletea kipande cha kikuku kilichovunjika.

Siku hizi daraja hutolewa kwa nambari pia: Marekani mwaka 1949 mtu mmoja, William Sheldon, alitunga kipimo cha 1 hadi 70 kwa ajili ya senti zao kubwa za shaba, na leo kipimo hicho kimeenea kwa sarafu za kila aina, nazo hufungiwa katika vijisanduku vya plastiki, nambari imeandikwa juu. Kipimo chenyewe sikilaumu. Kilitungwa na mtu mwenye macho. Ninachosikitikia ni mnunuzi anayeisoma nambari akaiacha sarafu, asiyepata kamwe kuiinamisha kwenye nuru, na muuzaji wa mtaani anayeng'arisha kila alicho nacho kwa dawa ya chupa kabla ya kukipanga kiooni, kwa kuwa wageni hupenda vinavyometa. Kigoda cha mwanafunzi katika duka la mzee kinawekewa magazeti. Wanawe wana kazi zao, njema, mbali. Na jicho lile, lililosomeshwa na baba yake kwa kupewa sarafu 20 kila Ijumaa azipange kutoka iliyo bora hadi iliyo duni, halina pa kwenda.

Nilikuwa nimekwisha kukunjua kanga niifunge reale yangu, mzee aliponiomba anitazamie mara nyingine. Safari hii hakutazama nyuso. Aliizungusha polepole ukingoni, penye zile herufi zilizoinuka zisemazo kwa Kilatini haki na huruma, akavaa kioo chake jichoni, akatulia, akanipa nami kioo. Kitambaa cha uani hakikufika huko. Baina ya herufi mbili, ndani ya kijipembe kisichotosha ncha ya sindano, palibaki weusi, na kandokando yake mstari mwembamba wa zambarau.