Adhabu ya Furaha

Msomaji, umepata kumwona mtu akiadhibiwa kwa kufurahi? Mimi nimemwona, katika kiwanja kimoja cha mchanga huko Likoni, siku skuli mbili zilipokutana. Kijana aliyekwisha kuonywa mara moja alitia bao karibu na mwisho. Akavua fulana, akaizungusha juu ya kichwa, akawaelekea akina mama waliokuwa wakipiga vigelegele chini ya mwembe. Refa akamwonyesha kadi ya pili ya manjano, kisha nyekundu. Wenziwe wakabaki kumi, na bao likarudishwa kabla ya kipenga cha mwisho. Kijana alilia kwa kwikwi, fulana i mkononi.

Refa hakukosa. Tangu mwaka 2004, Kanuni ya 12 ya kandanda yamlazimu kumwonya kila avuaye fulana kwa kushangilia bao. Mwaka 2019 ikaongezwa kwamba onyo hilo husimama hata bao lenyewe likikataliwa. Yaani mtu aweza kunyimwa bao, na bado asisamehewe furaha yake! Nimeyasoma maneno hayo mara nyingi, wala sijayazoea.

Si kila onyo nililaumulo. Kanuni iyo hiyo yakataza kuparamia ua wa kiwanja, na hilo ni jema, kwani umati hufuata, na ua ukianguka huumiza watu. Yakataza pia ishara za kuchokoza na kudhihaki. Amchekaye usoni aliyeshindwa ni fidhuli, na aonywe. Lakini fulana imemkosea nani? Hapa kanuni imepima nguo, ikaacha kupima nia.

Itazame fainali ya Kombe la Dunia ya 2010 mjini Johannesburg. Andrés Iniesta wa Uhispania alitia bao la pekee katika dakika ya 116, akavua jezi. Ndani alivaa fulana ya kumkumbuka Dani Jarque, rafiki yake mchezaji aliyefariki mwaka 2009. Mwamuzi Howard Webb akamwonyesha kadi ya manjano. Rambirambi ikaingia daftari moja na ufidhuli.

Kabla ya hapo, mwaka 1997, Robbie Fowler wa Liverpool aliinua jezi kuonyesha fulana ya kuwaunga mkono makuli wa bandari waliofukuzwa kazi. Shirikisho la mpira la Ulaya likamtoza faranga 2,000 za Uswisi. Kwa watu wa Changamwe, ambako nyumba nyingi hula kwa jasho la bandari, kisa hicho hakihitaji kufafanuliwa.

Pengine utaniambia kwamba refa hawezi kusoma moyo wa mtu. Mbona basi ameaminiwa kupima dhihaka? Awezaye kuitambua dhihaka aweza pia kuitambua furaha. Ama dakika zipoteazo, saa anayo, na ruhusa ya kuzirudisha anayo.

Mwaka uliofuata nilimwona kijana yule akitia mabao mengine mawili. Kila mara alirudi katikati ya kiwanja kwa kutembea, kama aliyetumwa dukani. Vigelegele vilipigwa vile vile. Yeye hakutazama upande wa mwembe.