Mgongo wa Beji

Mpe mtu yeyote beji ya zamani ya jeshi na atatazama uso wake: taji, simba, jina la kikosi. Mjuzi wa kazi hii huigeuza kwanza. Beji iliyopigwa chapa kwa mashine ina bonde nyuma pale penye mwinuko mbele, na kingo zake ni kali. Iliyosubiwa kwa kalibu iliyochukuliwa kutoka beji halisi mara nyingi huwa na vitundu vidogo kama ganda la chungwa, na mistari yake imelegea. Halafu anakagua vitanzi vya kushikia kofia: vimeunganishwa vipi, na je, risasi ya kulehemu inang'aa upya kwenye shaba inayodaiwa kuwa ya 1916?

Uchakavu nao una tabia yake. Askari wa Keya, yaani King's African Rifles, walisugua shaba zao kwa ajili ya gwaride mwaka baada ya mwaka. Kwa hiyo herufi KAR zilizokaa kweli begani mwa mtu hulika usoni, hasa pembeni, huku mgongo ukibaki na ukali wake. Zikiwa zimefifia sawasawa mbele na nyuma, mjuzi huziweka pembeni. Ndiyo maana mkusanyaji anayechukua dawa ya kung'arishia na kitambaa kabla hata hajatazama hunikera: anafuta ushahidi.

Taji humaliza maswali mengi haraka. Tangu Edward VII hadi George VI, matao ya taji kwenye beji za Uingereza yalipanda na kukutana juu kama kuba. Chini ya Elizabeth II yakabonyea katikati. Lakini Charles III amerudi kwenye taji la kuba, na sasa beji mpya kabisa inaweza kumdanganya aliyekariri kanuni hiyo moja tu.

Nguo inataka subira zaidi. Chukua kiraka cha kichwa cha kifaru, alama ya Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki iliyopigana Burma mwaka 1944. Wengine wetu tuna babu waliokuwa huko. Mjuzi huzima taa na kukimulika kwa mwanga wa urujuanimno. Nyuzi nyingi za kisasa hung'aa buluu, pamba ya zamani hukaa kimya. Hata hivyo, nguo halisi iliyofuliwa kwa sabuni ya unga ya siku hizi nayo hung'aa, kwa hiyo haamui mpaka amesoma mishono kwa ndani. (Sare za majeshi ya leo ni habari nyingine. Raia wa Tanzania asizitafute: sheria haina mzaha nazo.)

Ila ustadi wenyewe uko kwenye nishani. Ile ya utumishi wa jumla wa Afrika, iliyoanzishwa 1902, ina vichwa vya watawala watatu: Edward VII, George V na Elizabeth II. Baada ya kampeni ya Somaliland ya 1920 haikupata utepe mpya wa chuma mpaka ule wa Kenya, wa vita vya Mau Mau, kwa hiyo George VI hayumo kabisa. Anayekuuzia yenye sura yake anakuuzia uongo.

Kisha inageuzwa upande, ukingo uelekee kwenye lenzi. Huko ndiko kuna namba ya askari, cheo, jina na kikosi. Matapeli hukwangua jina la mtu asiyejulikana na kupiga la shujaa, lakini chuma kilichokwanguliwa hakirudi. Nishani hiyo ina kipenyo cha milimita 36. Mjuzi huipima kwa kalipa kuanzia pembe kadhaa, na pale ilipopungua kidogo tu, anairudisha kwa mwenyewe bila maneno mengi.

Medali za kampeni za Uingereza za Vita vya Pili vya Dunia hazikuandikwa majina, tofauti na zile walizopewa Waafrika Kusini na Waaustralia. Nyota ya Burma ya askari wa Machakos haina tofauti na ya mtu wa Manchester. Kinachomtambulisha mwenyewe ni cheti chake cha kuachishwa jeshi, picha, bahasha iliyokuja nayo. Wafanyabiashara huvitenganisha kwa sababu kimoja kimoja huleta pesa nyingi zaidi, na mkusanyaji wa maana hulipa bei ya vyote ili visiachane, hata kama karatasi zenyewe zimeliwa na mchwa nusu.