Kigawo, Kigawe na Namba 4,294,967,297

Mswada wa tafsiri tuliopewa kuupitia, wa kitabu cha hisabati kwa shule za sekondari, una sentensi hii: 641 ni kigawe cha 4,294,967,297. Sarufi yake haina ila. Hesabu yake ni uongo. Kigawe cha namba hupatikana kwa kuizidisha namba hiyo. Mfasiri alikusudia kigawo, yaani namba inayoigawa nyingine pasipo kubakiza kitu. Irabu moja imepindua maana yote.

Pengine kosa la namna hii lingesameheka. Hapa limeua kisa chenyewe. Mnamo 1640 Fermat, mwanahisabati wa Ufaransa, alidhani kwamba 2 ikipandishwa kwa vipeo 1, 2, 4, 8, 16, 32 na kuendelea, kila kimoja maradufu ya kilichotangulia, kisha ikaongezwa 1, daima itapatikana namba tasa. Tano za mwanzo, yaani 3, 5, 17, 257 na 65,537, ni tasa kweli. Ya sita ndiyo 4,294,967,297. Mwaka 1732 Euler alionyesha kuwa hiyo si tasa, bali ni zao la 641 na 6,700,417. Baadaye alieleza njia: kila kigawo chake kilicho tasa lazima kiwe kigawe cha 64 kilichoongezwa 1. Basi za kujaribiwa ni 193, 257, 449, 577, na ya tano ni 641. Msomaji aone jinsi istilahi zote mbili zinavyokaa ndani ya sentensi moja, kila moja na kazi yake. Katika mswada zote mbili zimeandikwa "kigawe", na mwanafunzi hana pa kushika.

Mfasiri ameongeza ufafanuzi wake mwenyewe, kwamba namba hii si tasa kwa kuwa "imezaa mbili". Mfano huo umekwenda kinyume. Hizo mbili ndizo wazazi wake, kwani imetokana na kuzidishwa kwake. Namba tasa hazina wazazi wa namna hiyo, nazo ndizo zinazozaa namba nzima nyingine zote zinazozidi 1. Kwa kweli neno "tasa" halikuchaguliwa vizuri. Ila limekwisha kuzoeleka madarasani, na kulibadili sasa ni kuwasumbua walimu bure.

Wako watakaosema tuziache kigawo na kigawe kwa sababu zinafanana mno. Hatukubali. Kigawo Kikubwa cha Shirika na Kigawe Kidogo cha Shirika vimefundishwa tangu shule ya msingi, na kipeo na kipeuo nazo zina shida iyo hiyo. Tunachodai ni uangalifu wa mfasiri na wa msahihishaji wa chapa. Katika mswada huu sentensi ile isomeke hivi: 641 ni kigawo cha 4,294,967,297, na 4,294,967,297 ni kigawe cha 641. Zichapwe zote mbili, mstari mmoja.